Sataranji ya Kupwa na Kujaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kujifunza aina ya sataranji niliyoibuni kutokana na wazo la yin na yang. Ni wa yule pia anayetaka kubuni yake mwenyewe na hajui aanzie wapi. Maswali ninayoulizwa na makundi haya mawili huingiliana sana, kwa hiyo nimeyajibu pamoja.

Sataranji na falsafa ya Mashariki vinahusiana vipi?

Sataranji yenyewe ni mtoto wa Mashariki. Chimbuko lake linalofahamika zaidi ni India, yapata karne ya 6, ambako iliitwa chaturanga. Neno hilo la Kisanskriti lina maana ya viungo vinne, yaani matawi manne ya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliita chatrang, Waarabu wakaita shatranj, nasi tukalipokea neno tukalilainisha likawa sataranji. Safari yote hiyo imo ndani ya jina tunalolitamka kila siku.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: malkia wa leo, anayevuka ubao mzima kwa hatua moja, zamani alikuwa mshauri wa mfalme na alisogea nyumba moja tu ya mshazari. Nguvu alizonazo sasa alizipata Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kubadili kanuni za sataranji ni kuiharibu, mkumbushe kwamba mchezo anaoutetea ulizaliwa kwa mabadiliko kama hayo.

"Falsafa ya Mashariki" ni ipi hasa?

Hakuna falsafa moja yenye jina hilo, na kosa la kwanza la wabunifu wengi liko hapa. Utao, Ukonfusio, Ubuddha na mikondo mingi ya Uhindu ni mambo tofauti, na mara nyingine hayapatani kabisa. Mkonfusio anajali sana cheo na wajibu wa kila mtu mahali pake. Mtao anashuku cheo. Ukivichanganya vyote katika ubao mmoja utapata pambo tu. Chagua mkondo mmoja, na ndani ya mkondo huo uchague wazo moja. Mimi nilichagua wazo la Kichina kwamba yin na yang si maadui wawili wanaopigana hadi mmoja afe. Ni hali mbili zinazopokezana, na kila moja ikifika kileleni huanza kugeuka kuwa nyingine.

Kwa Kiswahili nilipata jina bila kulitafuta sana. Bahari hupwa, bahari hujaa. Hakuna anayesema maji yaliyokupwa yameshindwa.

Nianze na falsafa au nianze na kanuni?

Anza na falsafa, lakini usiridhike mpaka imekuwa kanuni. Nina kipimo kimoja ninachokiamini kwa dhati: mfiche mchezaji maelezo yote ya falsafa, mpe kanuni tupu, kisha uangalie kama anafanya uamuzi ambao asingeufanya katika sataranji ya kawaida. Akiufanya, falsafa yako imo mchezoni. Asipoufanya, umepaka rangi kete za zamani.

Mfano bora wa wazo lililogeuka kanuni ni shogi, yaani sataranji ya Japani. Huko kete iliyoliwa haifi, bali huingia mkononi mwa aliyeila, naye anaweza kuirudisha ubaoni kama yake. Kanuni hiyo moja hubadilisha kila kitu: kubadilishana kete hakupunguzi vita, mwisho wa mchezo haupoi, na kila unachokula kinakupa deni na nafasi kwa pamoja. Sisemi kwamba waliobuni shogi walikuwa wanafundisha kuzaliwa upya. Nasema kwamba mtu anayetaka sataranji ya kuzaliwa upya ana mengi ya kujifunza hapo kabla ya kuchora lotasi pembeni mwa ubao.

Ubao una nyumba 64, na Yi Jing, kitabu cha kale cha Kichina cha uaguzi, kina michoro 64. Hilo si ishara?

Nilivutwa na jambo hili kwa miezi kadhaa, kwa hiyo nalijibu kwa huruma.

Kila mchoro wa Yi Jing una mistari sita, na kila mstari ama ni mzima ama umekatika. Ukizidisha mbili sita pamoja (2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2) unapata 64. Michoro hiyo pia hujengwa kwa kuweka moja ya michoro midogo minane ya mistari mitatu juu ya nyingine, na nane mara nane ni 64. Ubao wetu ni nane kwa nane. Hesabu za mistari mizima na iliyokatika zilimvutia hata Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati Mjerumani, ambaye mwaka 1703 alitoa maelezo yake ya hesabu zinazotumia tarakimu 0 na 1 pekee na kuzihusisha na michoro hiyo ya Wachina.

Basi nikatengeneza ubao ambao kila nyumba ina mchoro wake na kila mchoro una athari yake. Mchezaji alitakiwa kukumbuka athari 64. Hakuna aliyezikumbuka, nami pia sikuzikumbuka. Idadi zilikuwa zimelingana, lakini kulingana kwa idadi hakumpi mchezaji cha kufikiria.

Ila kitu kimoja kilibaki mkononi. Katika kusoma Yi Jing kuna mistari inayohesabiwa kuwa imekomaa, na mstari uliokomaa hugeuka: yang iliyofika ukomavu inakuwa yin, na yin iliyofika ukomavu inakuwa yang. Nikaufuta ubao wote ule, nikabaki na wazo hilo peke yake.

Haya, mchezo unachezwaje?

Ubao ni ule ule, kete ni zile zile, mpangilio wa kuanzia ni ule ule. Kila kete ina hali mbili: imejaa au imekupwa. Mwanzoni zote zimejaa.

Kete iliyojaa husogea na kula kama katika sataranji ya kawaida. Inapokula, inakupwa hapo hapo ilipotua. Kete iliyokupwa haiwezi kula, haiwezi kutoa cheki, hailindi kete nyingine, na husogea nyumba moja tu: ngome wima au mlalo, askofu mshazari, malkia na mfalme upande wowote, askari mbele. Farasi aliyekupwa hatua yake ni wima au mlalo, maana farasi kila anaporuka hubadilisha rangi ya nyumba, na sikutaka kumnyang'anya tabia hiyo hata katika udhaifu wake.

Kete hujaa tena kwa njia mbili. Ya kwanza: isogee ile hatua yake moja, na itakapotua imejaa. Ya pili ni kutulia. Badala ya kusogeza kete yoyote, unatangaza kwamba kete fulani iliyokupwa inajaa mahali ilipo, na zamu yako imekwisha.

Kanuni ni hizo tu. Kuonyesha kete iliyokupwa, weka sarafu au kete ya dama chini yake. Ikijaa, iondoe.

Hilo linabadilisha nini kwa kweli?

Linabadilisha maana ya kula. Katika sataranji ya kawaida kula ni faida, na swali ni kama utalipiziwa. Hapa kula ni kutumia nguvu, na nguvu iliyotumika imekwisha mpaka irudi. Hata usipolipiziwa umebaki na kete isiyolinda chochote katikati ya jeshi la mwenzako.

Chukua ile chekimeti ya haraka ambayo kila anayeanza huangukiwa nayo. Nyeupe: askari e4, askofu c4, malkia h5. Nyeusi: askari e5, farasi c6, kisha kwa kutojua farasi f6. Malkia anakula askari wa f7. Katika mchezo wa kawaida imekwisha. Hapa malkia amekula, kwa hiyo amekupwa, na hatoi cheki. Mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c4, aliyejaa bado, anamlinda. Lakini ni zamu ya Nyeusi. Nyeupe anasubiri atulie tu, malkia ajae, na hiyo ndiyo chekimeti.

Nyeusi ana hatua moja nzuri sana: askari d5. Njia ya askofu imezibwa. Askofu akimla askari huyo, naye anakupwa na hamlindi malkia tena. Askari wa e4 akimla, njia bado imezibwa, safari hii na askari wa Nyeupe mwenyewe. Malkia akitulia na kujaa, anatoa cheki na mfalme anamla. Akijaribu kukimbia kwa hatua yake moja, kila nyumba anayoifikia inalindwa: e6 anamngoja askofu, g6 askari wa h7, g8 farasi au ngome, e7 kuna mikono kadhaa. Malkia amekwenda. Nilipouona mstari huu kwa mara ya kwanza nilijua mchezo umepata roho yake. Aliyekimbilia kumaliza mambo ndiye aliyeishiwa pumzi.

Angalia pia matokeo haya: hakuna kete inayoweza kutoa chekimeti kwa kula yenyewe. Chekimeti hutoka kwenye hatua tulivu, au kwenye kutulia, au kete moja inapokula na kufungua njia kwa nyingine iliyojaa nyuma yake.

Kwa nini usiruhusu mchezaji kupita zamu? Si ndiyo "kutotenda" kwa Watao?

Nilijaribu. Wazo la wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha, lilinielekeza moja kwa moja kwenye kupita zamu, na mchezo wa Kikorea wa janggi unaruhusu jambo hilo. Lakini sataranji yetu imejengwa juu ya ulazima wa kusogea kuliko tunavyodhani. Mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake: mara nyingi ushindi wote unategemea kumweka mpinzani ana kwa ana ili alazimike kupisha. Mruhusu aseme "napita" na ushindi umeyeyuka. Hata mbinu ya kawaida ya kumfunga mfalme kwa ngome na mfalme hupitia ulazima huo huo.

Kutulia ndiyo suluhu niliyoifikia. Unaweza kutosogea, lakini pale tu penye kete inayohitaji kurudi. Wu wei, kwa kadiri ninavyoielewa, si uvivu wala kukwepa zamu, na nina furaha kwamba kanuni inabeba tofauti hiyo bila mtu kuieleza. Mwisho wa mchezo, kete zote zikiwa zimejaa, sheria za zamani zinarudi zenyewe na mbinu zote za vitabuni zinafanya kazi.

Ulifikiria elementi tano za Kichina?

Ndiyo. Mti hulisha moto, moto huzaa udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji hulisha mti. Upande wa pili, mti hushinda udongo, udongo maji, maji moto, moto chuma, chuma mti. Ni mfumo mzuri sana, lakini kwa kete unazaa mahusiano kumi ya kukumbuka, na wachezaji walitumia muda wao kuuliza nini kinashinda nini badala ya kutazama ubao. Mtu mwingine anaweza kufaulu, pengine kwa kete tano tu kwenye ubao mdogo.

Je, hujaiga shogi ya Kyoto?

Swali la haki. Katika shogi ya Kyoto, inayochezwa kwenye ubao wa tano kwa tano, kete hugeuzwa kila inaposogea na kupata mwendo wa upande wake wa pili. Ni ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba huko kila hatua inageuza kete, na hapa ni kula tu kunakoigeuza. Huko unacheza na mapigo yanayojirudia. Hapa unaamua lini utumie nguvu.

Kwa ujumla, ukidhani umebuni kitu ambacho hakuna aliyekigusa, tafuta tena. Mwaka 1953 V. R. Parton alibuni sataranji ya mbao mbili, ambamo kila kete inayosogea huhamia ubao wa pili. Bobby Fischer mwaka 1996 alitangaza sataranji yenye mipangilio 960 ya kuanzia. Xiangqi, yaani sataranji ya China, ina mto katikati ya ubao, ambao tembo hawauvuki, na jumba ambalo jenerali hatoki. Kusoma kazi za waliotangulia hakutakunyima ubunifu. Kutakuonyesha mlango gani bado haujafunguliwa.

Nitaujaribuje mchezo wangu?

Kwanza, cheza peke yako pande zote mbili, polepole, ukiandika kila hatua. Kanuni mbovu hujitokeza ndani ya michezo mitatu au minne. Unajikuta una swali ambalo kanuni zako hazilijibu. Usilijibu kwa haraka katikati ya mchezo. Liandike, maliza mchezo, kisha lifikirie.

Pili, mpe mtu kanuni kwa maandishi na ukae kimya. Kila mahali utakapotamani kufungua mdomo ndipo maandishi yako yamepungua. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, na limenifundisha mengi kuliko jaribio lolote la kompyuta.

Tatu, kompyuta. Fairy-Stockfish ni programu huria inayocheza aina nyingi za sataranji, na nyingine unaweza kumweleza kanuni zake kwa faili la maandishi. Si kila kanuni inaelezeka hivyo, na kete zenye hali inayobadilika zinaweza kukulazimu kuandika programu ndogo yako. Tumia kompyuta kuuliza kama upande mmoja unashinda mno, au kama michezo yote inaisha sare. Mwaka 2020 bingwa wa zamani wa dunia Vladimir Kramnik na watafiti wa DeepMind walifanya jambo la aina hii kwa programu yao ya AlphaZero, wakipima aina tisa za sataranji zilizobadilishwa kanuni kidogo, ikiwemo ile isiyoruhusu mfalme kujificha kwa kubadilishana na ngome. Kompyuta itakuambia kama mchezo una uwiano. Kama unapendeza, uliza watu.

Anayeanza hana faida kubwa?

Nyeupe ana faida kidogo kama kawaida. Katika mchezo wa Go faida ya anayeanza hulipwa kwa pointi, 6.5 kwa kanuni za Japani na 7.5 kwa kanuni za China, lakini sataranji haina pointi za kulipia. Mkicheza michezo miwili mkibadilishana rangi inatosha.

Je, si kukosea heshima kutumia imani za watu kutengenezea mchezo?

Inategemea unatumia nini na vipi. Kutengeneza kete yenye sura ya Buddha ili iliwe na kutupwa pembeni, mimi siwezi. Katika maandiko ya kale ya Ubuddha kuna orodha ya michezo ambayo Buddha hakujishughulisha nayo, na mwanzoni kabisa mwa orodha iko michezo ya mbao zenye safu nane au kumi. Ninalitaja hili kwa uzito wake. Kwa upande mwingine, India ndiyo iliyotupa mchezo wa nyoka na ngazi, na kule ulikuwa njia ya kufundisha matendo mema na mabaya humfikisha mtu wapi. Mila hizi zenyewe zimewahi kuusema ukweli wao kwa mchezo. Wazo linaweza kuwa kanuni bila kudhalilishwa. Sanamu na majina matakatifu uyaache yalipo.

Mtu anaweza kuniibia mchezo wangu?

Kwa kawaida hakimiliki hulinda maandishi yako na michoro yako, si kanuni zenyewe. Ukitaka ulinzi zaidi ya huo, muulize mwanasheria wa kwenu. Mimi nimeamua kila mtu aucheze na kuubadili apendavyo.

Maswali madogo ya ubaoni

Askari akifika mwisho kwa hatua ya kawaida, malkia mpya amejaa. Akifika kwa kula, malkia mpya amekupwa.

Kumla askari njiani ni kula kama kula kwingine. Askari aliyemla anakupwa.

Askari aliyekupwa akizibwa mbele yake hana hatua. Atajaa kwa kutulia tu, au njia ikifunguka.

Ukiwa katika cheki huwezi kutulia, kwa kuwa kutulia hakuondoi cheki. Lakini ukiwa na kete iliyokupwa na mfalme wako hayumo katika cheki, huwezi kusemwa umekwama na mchezo kuwa sare. Una hatua daima.

Wafalme wawili hawasimami jirani kamwe, hata mmoja awe amekupwa. Nilisita sana hapa, maana kwa mantiki mfalme aliyekupwa hana hatari. Nilichagua urahisi.

Hali ya ubao inahesabiwa kuwa imejirudia pale tu kete zimekaa nyumba zile zile na katika hali zile zile za kupwa au kujaa.

Wakati wa kuandika hatua, weka nukta baada ya jina la nyumba kuonyesha kete imekupwa, na kwa kutulia andika jina la nyumba peke yake ndani ya duara.